Mnyonge Huvuka Kwanza

Taa zilianza kuvaa pete. Hivyo ndivyo nilivyomweleza daktari, naye akatabasamu, kisha akaona mimi sitabasamu. Jioni nilipokuwa nafunga kibanda changu cha ushonaji pale Garsen, taa ya kituo cha mafuta ilikuwa na duara la samawati kuizunguka, na nje ya lile duara kulikuwa na jingine la kijani hafifu, rangi ya maji ya mto pale yanapotulia nyuma ya migomba. Pikipiki ilipokuja, taa yake ilikuja na pete yake. Hata mshumaa ulikuwa nayo. Nilikuwa nasimama kando ya barabara natazama tu, mpaka mwenye duka jirani ananiita, "Mama, waona nini?" Nami namjibu kwamba naona harusi.

Ni dawa, daktari alisema. Vidonge vyangu vya kutuliza mapigo huacha vumbi jembamba kwenye kioo cha jicho, na mwanga ukipita hapo hupata pete. Nisiogope, ila nimwambie kama macho yatafifia. Sikuogopa. Kusema kweli nilizipenda zile pete. Nimeishi miaka mingi nikitazama sindano na tundu la sindano, na hapo nikapewa dunia yenye pindo.

Moyo wangu ulichoka nilipojifungua mtoto wangu wa mwisho. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, nikawa silali ila kwa kuegemea mito mitatu. Waliponipima walisema moyo umetanuka na hausukumi damu inavyopaswa. Mimi ni fundi wa nguo, nilielewa haraka kuliko walivyodhani. Ni lastiki ya sketi iliyofuliwa mno: bado inashika, lakini haina tena ule mvuto. Nilipewa dawa, nikapona nusu, na kwa hiyo nusu nikalea mtoto mpaka akatoka nyumbani kwenda kujitafutia maisha Mombasa.

Halafu, miaka baadaye, moyo uleule ukaanza kupoteza hesabu. Ulikuwa unapiga vizuri, kisha unaruka, kisha unakimbia kama unafukuzwa. Siku moja nilikuwa nakanyaga cherehani, nashona sare za kwaya, nikaona kitambaa chekundu kinapanda juu taratibu kama pazia. Nilipozinduka nilikuwa sakafuni na wanakwaya wananipepea kwa vipande vya sare yao wenyewe. Niliwakaripia, maana walikuwa wanavikunja.

Daktari wa moyo nilimpata Malindi. Alikuwa mtu wa maneno machache, na maneno yake nimeyahifadhi. Alisema dawa za kutuliza mapigo ziko nyingi, lakini nyingi katika hizo ni za moyo wenye nguvu. Moyo uliochoka ukipewa hizo, badala ya kutulia huweza kuzimika kabisa. Kwa moyo kama wangu zipo chache tu, na hii aliyonipa ni mojawapo. Nilianza kwa vidonge vingi, kisha vikapunguzwa mpaka kimoja kwa siku. Moyo ukarudi kwenye mstari, nami nikarudi kwenye cherehani.

Dawa hiyohiyo iliigombanisha ngozi yangu na jua. Kukaa juani kidogo tu, mikono iliwaka na uso ukageuka rangi ya zambarau zilizoanza kuiva. Na Garsen jua halibishi hodi. Nikajishonea magauni ya mikono mirefu, nikajifunga mtandio mpaka machoni, nikanunua mwavuli mweusi. Mwanamke wa Kiorma aliyekuwa akiniletea maziwa kila asubuhi alinitazama siku kadhaa, halafu akashindwa kuvumilia.

"Mama, wewe nasilimu lini?"

"Sijasilimu. Nimekatazwa jua."

"Nani nakataza jua?"

"Daktari."

Akatazama juu mbinguni, kisha akanitazama mimi. "Huyo daktari mkubwa sana," akasema, akanipimia maziwa.

Dada yangu anakaa Golbanti, palepale tulipozaliwa. Mama yetu alifariki kabla sijang'oka meno ya utoto, na dada, ambaye wakati huo alikuwa msichana tu, alishika mwiko, jembe na mimi, kwa mpangilio huohuo. Kila nilichokula utotoni kilitoka mkononi mwake. Nilizoea kufungua mdomo kabla ya kuuliza ni nini.

Mafuriko ya kwanza ninayoyakumbuka yalikuja bila kelele. Maji ya Tana hayaji kwa hasira kama watu wa mbali wanavyofikiri. Huanza kwa kung'aa kati ya mashina ya mahindi, kisha unaona kuku wamepanda juu ya kinu. Kwetu kuna sheria ya siku hizo ambayo sijawahi kusikia mtu akiijadili. Mnyonge huvuka kwanza. Mtumbwi ukifika, wanaingia watoto, wagonjwa, wajawazito na wazee. Mwenye nguvu hungoja. Dada alinipakia mtumbwini, maji yakiwa kiunoni mwake, akausukuma kwa mikono miwili, akabaki amesimama. Nilipogeuka alikuwa ananipungia mkono kama mtu anayefukuza ndege mpungani: nenda, nenda. Yalikuja mafuriko mengine, na kila nikigeuka nilimwona vilevile, ng'ambo, akiwa wa mwisho, anazidi kuwa mdogo.

Uzeeni moyo wake nao ukaanza vituko. Lakini wake haukuwa mchovu. Wake ulikuwa mtundu. Unakuwa umetulia, dada anachambua mchicha, mara unachomoka mbio kama punda aliyekata kamba, kisha unarudi wenyewe. Alipelekwa kwa daktari mwingine, akapimwa, akaambiwa, "Mama, moyo wako una nguvu. Ni nyaya tu zinapigana shoti." Akapewa vidonge vyake, vyeupe, vidogo kuliko vyangu. Akafundishwa pia kwamba ukianza mbio azamishe uso kwenye maji ya baridi, maana maji hayo humshtua punda akasimama.

Dada alitoka huko akitembea kifua mbele. Hakumbuki jina la dawa hata leo, lakini yale maneno ya moyo wenye nguvu aliyarudia kanisani, shambani na kwenye matanga ya watu. Jumapili alikuwa ananipigia simu tunajuliana hali.

"Mchovu wako hajambo?"

"Hajambo. Na Mtundu?"

"Mtundu ametulia. Amekunywa dawa, analala kama paka."

Tulicheka sana. Ukiwa na ndugu mwenye ugonjwa karibu na wako, kuumwa si upweke mtupu.

Kisha maji yakaja. Mvua haikunyesha kwetu. Ilinyesha huko juu, kwenye milima ya watu wengine, na sisi tukaletewa maji yake. Yalipita Hola, yakatufikia, yakatandaa. Siku ya kwanza watoto wa Garsen walishangilia. Baada ya siku chache barabara ikakatika, malori yakasimama mstari mrefu upande wa pili, vitunguu vikapotea sokoni, umeme ukaenda na haukurudi. Golbanti ikawa kisiwa, na kijiji cha Wema vilevile. Watu wengi walipanda kwenye mwinuko na mikeka yao na mbuzi wao, wakasubiri, kwa kuwa mto tunaujua, huja na hurudi.

Mimi sikuwa nasubiri mto. Nilikuwa natazama pakiti ya vidonge vyangu. Dawa yangu haipatikani Garsen, na safari ya Malindi niliyokuwa nimeipanga ilizama pamoja na barabara. Nilianza kuota mchana. Nilikuwa nashona, naona uzi unakuwa mto, na mguu wangu juu ya kanyagio unapungua nguvu, na kitambaa chekundu kinapanda tena. Niliogopa kufa. Nasema hivyo waziwazi kwa kuwa watu wa kwetu husema wanaogopa maumivu, wanaogopa kuacha watoto, hawasemi wanaogopa kufa. Mimi niliogopa kufa kwenyewe, kule kuzimika tu kama taa, pete na yote.

Nikampigia dada. Sikutaka kitu, nilitaka sauti yake.

"Zangu zinaisha," nikamwambia.

Nikasikia maji nyuma yake, na jogoo. "Haya, mdogo wangu," akasema. "Usilie."

Kesho yake alasiri, mpiga kafi mmoja wa kijijini kwetu akafika kibandani, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, suruali imelowa mpaka mapajani. Kichwani alikuwa na bakuli la mama, lile la enameli lenye maua ya buluu. Alikuwa ameacha mtumbwi pale maji yanapoishia, na usiku huo angelala kwa shemeji yake.

"Dada yako amekuletea," akasema. "Amesema umeze. Amesema mgonjwa haulizwi uji."

Ndani ya bakuli kulikuwa na mahindi ya kuchemsha yamefunikwa na kipande cha kanga. Pembe ya kanga ilikuwa imefungwa fundo, na ndani ya fundo kulikuwa na vidonge vyeupe.

Nilikitoa kimoja, nikakiweka kiganjani. Moyo wangu ulikuwa umeanza kupapatika tangu asubuhi, kama ndege aliyeingia ndani ya nyumba na hajui mlango. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Nje maji yalikuwa yanameta mpaka kwenye kingo za barabara, na mwanga wake ulicheza juu ya dari, na kila mmeto ulikuwa na pete yake ndogo. Nilihisi nimerudi utotoni. Dada ananyoosha mkono, nami nafungua mdomo. Kidonge kilikuwa cha moyo. Ugonjwa wangu ulikuwa wa moyo. Kilitoka kwa mtu ambaye hajawahi kunipa kitu kibaya. Nilikuwa nimekwishakiweka ulimini nilipoonja uchungu wake, na ule uchungu haukuwa wa dawa yangu.

Nikakitema kiganjani. Nikachukua simu, ambayo ilikuwa imebakiwa na chaji ya kuombea dua, nikampigia muuguzi wa kliniki ya Malindi.

"Usimeze," akasema kabla sijamaliza.

"Lakini ni za moyo."

"Ni za moyo wa dada yako. Mama, nisikilize. Nyinyi wawili mna lalamiko moja, moyo kwenda mbio, lakini mioyo yenyewe haifanani. Hizo zake zinapunguza nguvu ya moyo kusukuma. Yeye anazo za kupunguza. Wewe huna. Na juu ya hizo zako zilizomo mwilini, moyo unaweza kupiga polepole mpaka usimame."

"Na zangu zikiisha je?"

"Zako haziishi siku ile unayomeza ya mwisho. Hii dawa ina ukaidi. Imejaa kwenye mafuta, kwenye ini, kwenye nyama, na hutoka taratibu sana, kwa majuma. Ndiyo maana tulianza na nyingi. Sikwambii uiache. Nakwambia usipagawe. Pumzika, usinyanyue vitu, punguza chumvi, barabara ikifunguka njoo mara moja. Na ukizirai au ukikosa pumzi, nenda hospitali ya hapo Garsen saa hiyohiyo, usingoje barabara."

Niliweka simu chini nikacheka peke yangu. Mimi ni mtoto wa mto, na alichonieleza muuguzi kilikuwa kilimo. Maji ya Tana yakishuka, juu ardhi inaonekana kavu, lakini chini ina unyevu wa mafuriko. Tunapanda hapo mpunga na mahindi, na mazao hukua bila tone la mvua, yakinywa maji ambayo mgeni angeapa kwamba yamekwisha. Basi mwili wangu ulikuwa shamba lililokwishafurika. Nilihisi usingizi mtamu ukinishika mabegani. Nikala mahindi ya dada, moja baada ya jingine, hayana chumvi, na yalikuwa matamu.

Bakuli halirudishwi tupu. Hata mtoto wa kwetu anajua hilo, mkono mtupu haulambwi. Nilitafuta sukari na majani ya chai ya kumtilia dada, na nikafungua lile fundo nimfungie upya vidonge vyake. Hapo ndipo nilipovitazama vizuri. Kulikuwa na karatasi za vidonge zilizojaa, na moja ambayo dada alikuwa ameanza kuila. Na chini kabisa, kimefungwa peke yake kwenye kipande cha gazeti, kulikuwa na kidonge kimoja kinachonukia mafuta ya nazi.

Nilikijua hicho kidonge. Dada huweka kimoja ndani ya kikombe kisicho na mkono, kando ya mto wake wa kulalia, pamoja na mafuta yake ya nywele, kwa ajili ya siku Mtundu atakapomwamsha ghafla. Hakiguswi. Mtu hatoi kidonge cha kandoni mwa mto kama kuna kingine popote ndani ya nyumba.

Nikapiga simu. Iliita sana.

"Dada, umebakiwa na ngapi?"

"Umemeza?"

"Nimekuuliza umebakiwa na ngapi."

"Usinipigie kelele." Alikuwa anavuta pumzi kati ya maneno, kama mtu anayetwanga. "Mtundu ana nguvu. Daktari mwenyewe... alisema. Wako ndio mnyonge. Mwenye nguvu... hungoja."

Simu yangu ikazimika, chaji imekwisha.

Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilipiga cherehani kofi. Nilisema maneno ambayo sare za kwaya zilizoning'inia hapo hazikustahili kuyasikia. Halafu hasira ikanitoka na nikabaki na ile picha: yeye majini, mikono miwili kwenye mtumbwi, ananisukuma. Alikuwa amechukua sheria ya mtumbwi akaitumia kwenye dawa. Moyo wenye nguvu, kwake, ulikuwa moyo unaoweza kusimama majini ukasubiri wengine wavuke. Hakuna daktari aliyewahi kufikiria kumkataza hilo, kwa sababu hakuna daktari aliyezaliwa Golbanti.

Kulipopambazuka nilikuwa pale maji yanapoishia, na bakuli, na mwavuli. Mpiga kafi alinitazama nilivyojifunga.

"Mama, wewe ni mgonjwa."

"Nitaumwa nikiwa nimekaa mtumbwini."

Hakubisha. Alinionya tu kwamba maji yanavuta na mtumbwi wake ni mdogo, hauchukui zaidi ya abiria mmoja. Nikaingia, nikakaa katikati, nikafungua mwavuli.

Safari ile naikumbuka kama kitu nilichoambiwa usingizini. Tulipita juu ya mashamba. Chini yetu mahindi yalikuwa yamesimama ndani ya maji, majani yakiyumba taratibu kana kwamba kuna upepo mwingine huko chini. Mpiga kafi aliacha kafi akashika pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, tukateleza kati ya migomba iliyobaki na vichwa tu, na mikungu ya ndizi ilikuwa inagusa mabega yangu. Tulipita uzio wa mtu, mlango wake umefungwa kwa kamba, maji yakipita kila mahali isipokuwa mlangoni. Mbali kiboko alikohoa. Jua lilikuwa limeshapanda, na kutoka chini ya mwavuli niliona kila kitu kimefungwa kwa uzi wa samawati. Moyo wangu uliruka mara moja, ukafikiri, ukaendelea. Niliushika kwa mkono. Nilikuwa naongea nao kimoyomoyo: leo usinifanyie, leo si zamu yako.

Dada alikuwa amekaa mkekani nje ya nyumba, juu ya mwinuko, ameegemea ukuta. Ndoo ilikuwa kando yake na nywele zake zilikuwa zinadondosha maji. Nilipokuwa bado mbali niliona mshipa wa shingo yake unavyocheza.

"Umefuata nini juani?" akauliza. "Utaungua."

"Tangu lini uko hivi?"

"Tangu jana. Alfajiri amezidi. Natia uso... anatulia... anaanza tena. Maji ya ndoo yameshapata moto."

Niliingia ndani. Mtungi wa mama bado uko pembeni palepale, umezama nusu mchangani, na maji yake huwa ya baridi hata mwezi wa pili. Nikajaza lile bakuli la maua, nikamwekea mapajani. Alivuta pumzi akazamisha uso wote. Nilimshika mabega. Mapovu yalipanda. Aliinuka hana lolote jipya, akazama tena, na safari hii nilikuwa nimeweka vidole shingoni mwake, nikahisi ile mbio inakatika, kimya, kimya cha kutisha, halafu pigo moja, halafu jingine, taratibu, kama cherehani unapoachia kanyagio.

Akainua uso. Maji yalikuwa yanatiririka kwenye mikunjo yake. Alikuwa mzee. Sijui kwa nini sikuwa nimeliona hilo kabla ya siku hiyo.

"Meza," nikamwambia, nikamfungulia fundo.

"Na wewe?"

"Hizi zingeniua, dada. Moyo wangu hauna nguvu za kupunguzwa."

Akaganda, kidonge kimemkaa vidoleni. "Nilikutumia sumu?"

"Ulinitumia dawa yako. Kwako ni dawa." Nikamweleza habari ya shamba, ya unyevu unaobaki maji yakishuka, na kwamba mimi nitaendelea kunywa mafuriko ya zamani mpaka barabara ifunguliwe. Hakuna aliyewahi kuelewa matibabu yangu haraka hivyo. Aliitikia kwa kichwa kama tunapatana juu ya mbegu.

"Na mimi?"

"Wewe ni mchanga wa ufukweni. Dawa yako inapita siku hiyohiyo. Usipomwagiliwa leo, umekauka leo."

Akameza. Lakini Mtundu hakungoja kidonge kifanye kazi. Tulikuwa bado tunatazamana alipochomoka tena, na safari hii midomo ya dada ilipauka na akaniambia ananiona niko mbali. Nilimwita mpiga kafi. Kule barabarani, alisema, kuna boti ya injini inayopeleka wagonjwa hospitali ya Garsen. Tulimteremsha dada mpaka majini tukimshika kwapani.

"Mmoja mmoja," mpiga kafi akasema. "Nani atangulie?"

"Huyu," dada akanionyesha. "Huyu ndiye mwenye moyo mchovu. Mimi nitangoja."

"Leo mnyonge ni wewe."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mbele ya watu. "Mimi?"

"Ingia, dada."

"Sijawahi..."

"Najua. Ingia."

Hakujua abiria hukaa wapi. Alikaa nyuma, akahamishwa katikati, akanyoosha mkono kutafuta kafi, akaambiwa aliache. Mikono yake ilikuwa inatafuta kazi kwenye mbao za mtumbwi. Nikampa bakuli akumbe maji yaliyoingia, akalishika kwa mikono miwili, ndipo akatulia. Nikaweka mikono yangu kwenye ubavu wa mtumbwi. Muuguzi alinikataza kunyanyua vitu, lakini hakusema lolote juu ya kusukuma. Nikasukuma.

Aligeuka. Nikampungia kama mtu anayefukuza ndege: nenda, nenda. Kumbe kwa anayebaki, mto ni mpana zaidi. Unaona kichwa cha mtu wako kinazidi kuwa kidogo, na hujui kama kitageuka tena, na huna la kufanya isipokuwa kusimama na nguvu zako zote zisizofaa kitu. Sijawahi kuogopa vile kwa ajili ya moyo wangu mwenyewe. Nilisimama chini ya mwavuli mpaka miguu ikavimba, nikatazama maji yaking'aa na pete zake, nikazichukia.

Jua lilikuwa limeinama nilipouona mtumbwi unarudi, mpiga kafi peke yake. Nilijaribu kumsoma uso kutoka mbali. Hakuharakisha, akafika, akachomeka pondo kwenye tope, akajifuta jasho.

"Vipi?" nikauliza, sauti haikutoka vizuri.

"Ameanza kutulia tukiwa katikati ya mashamba," akasema. "Tangu hapo amenigombeza njia nzima. Anasema kafi nalishika kama mwiko. Boti imemchukua."

Nilikaa palepale kwenye tope na gauni langu la mikono mirefu, nikalia kwa sauti. Aliniacha nilie. Kisha akainama mtumbwini akanipa bakuli la mama, ambalo nilikuwa nimelisahau. Kwenye boti walikuwa wamempa dada mkate. Alikuwa amekula nusu, nusu nyingine ameitia bakulini.